Abdus Salam, kituo cha Trieste na upweke wa mtafiti wa nchi maskini

#1 Kipimajoto (mleta uzi)

Wanajamvi, salamu kwenu nyote.

Wiki iliyopita nilikuwa nasahihisha karatasi za wanafunzi wa mwaka wa kwanza, na mmoja wao alikuwa ameandika kwamba nguvu dhaifu ya nyuklia inaitwa dhaifu kwa sababu haina kazi kubwa. Nilimkata alama, lakini niliitazama ile sentensi kwa muda, maana bila nguvu hiyo jua lenyewe lisingewaka. Hatua ya kwanza ya protoni mbili kuungana ndani ya jua huitegemea nguvu dhaifu, na kwa kuwa ni dhaifu kweli, hatua hiyo huenda polepole mno, ndiyo maana jua limedumu mabilioni ya miaka badala ya kuteketea upesi. Mmoja wa watu watatu waliopata Nobel ya fizikia mwaka 1979 kwa kutufungulia siri ya nguvu hiyo alikulia Jhang, mji wa Punjab uliokuwa ndani ya India ya Mwingereza na sasa uko Pakistan. Jina lake ni Abdus Salam.

Nafungua uzi huu kwa sababu kila anapotajwa hutajwa kwa ile tuzo, nami naamini kwamba sisi tunaofanya utafiti katika nchi zisizo na fedha tunamdai shukrani kwa jambo jingine kabisa. Aliutambua upweke wa mtafiti kuwa ni ugonjwa, akautafutia dawa, na dawa ile ikafanya kazi.

Nianze na fizikia yenyewe, kwa ufupi. Salam na wenzake wawili wa tuzo hiyo, Glashow na Weinberg, kila mmoja kwa njia yake katika miaka ya 1960, walionyesha kwamba nguvu ya sumakuumeme, inayowasha taa zetu na kuzishika elektroni kwenye atomu, na nguvu dhaifu, inayoibadili nyutroni kuwa protoni, zina asili moja. Katika joto kali mno la mwanzo wa ulimwengu zilikuwa kitu kimoja, na ulimwengu ulipopoa zikaachana, kama vile maji yanavyoganda na kuonekana kitu kingine ingawa ni maji yale yale. Nadharia hiyo ilidai ziwepo chembe nzito, W na Z, kila moja ikiwa na uzito unaozidi mara themanini uzito wa protoni. Mwaka 1973 chombo kilichoitwa Gargamelle, huko CERN, maabara ya Ulaya ya fizikia ya chembe iliyoko Geneva, kilionyesha dalili ya kwanza, na mwaka 1983 chembe zenyewe zikapatikana pale pale, miaka minne baada ya tuzo kutolewa.

Sasa twende Lahore, mji mkuu wa Punjab, ambako ndiko kisa changu kinaanzia. Salam alikuwa kijana wa maajabu: akiwa na umri wa miaka 14 alivunja rekodi ya alama katika mtihani wa kumaliza sekondari wa Chuo Kikuu cha Punjab, na mwaka 1946 akapata nafasi ya kwenda Cambridge kwa fedha zilizochangwa kwa ajili ya vita, ambazo baada ya vita kwisha ziligeuzwa kuwa ufadhili wa watoto wa wakulima. Mwaka 1951, akiwa ameshajulikana kwa kazi yake ya kusafisha mahesabu yaliyokuwa yakitoa majibu yasiyo na kikomo, alirudi nyumbani kufundisha hisabati katika chuo cha serikali mjini Lahore. Hapo mkuu wa chuo alimweleza kwamba utafiti ni jambo la kusahau, na kwamba pamoja na kufundisha achague jukumu moja kati ya matatu: kulea bweni, kutunza hesabu za fedha, au kusimamia timu ya mpira wa miguu. Alichagua mpira.

Ngojeni, kisa bado. Mwanafizikia mkubwa Wolfgang Pauli alifika Bombay, India, na kumwita Salam waje wazungumze. Salam alipanda ndege akaenda bila kusubiri ruhusa, kwa sababu hamu ya kumpata mtu mmoja tu wa kuzungumza naye fizikia ilikuwa imemzidi. Aliporudi alikuta mwajiri amemwandalia mashtaka ya utoro kazini. Nawaomba msome tena sentensi hiyo, hasa ninyi mlio na ofisi katika idara zetu. Mwaka 1953 zikazuka ghasia dhidi ya Waahmadiyya, jumuiya aliyozaliwa ndani yake, na mwaka 1954 akarudi Cambridge, kisha mwaka 1957 akawa profesa Imperial College, London.

Wengine wangemaliza hapo, wakahesabiwa katika orodha ndefu ya waliokimbia. Salam hakuisahau ile miaka mitatu. Mwaka 1960, akiwa mjumbe wa Pakistan katika mkutano mkuu wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, alipendekeza kianzishwe kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia kwa ajili ya wanasayansi wa nchi zinazoendelea. Mjumbe wa nchi moja tajiri alisimama akasema kwamba fizikia ya nadharia ni Rolls-Royce ya sayansi, na nchi hizi zinahitaji mkokoteni wa ng'ombe tu. Hata hivyo Italia ilijitolea, kwa jitihada kubwa za Paolo Budinich wa Trieste, na Oktoba 1964 kituo kikafunguliwa katika mji huo wa bandari, kwenye ncha ya Bahari ya Adria.

Kiini cha kituo kile kilikuwa mpango wa washirika. Mhadhiri wa Accra, Dhaka au Dar es Salaam aliweza kwenda Trieste kwa wiki sita hadi miezi mitatu, mara tatu katika kipindi cha miaka mitano au sita, akakaa maktaba, akasikiliza mihadhara, akabishana na wenzake kwenye ubao, kisha akarudi kwenye ajira yake. Hakulazimika kuhama nchi ili abaki mwanasayansi, wala kuacha sayansi ili abaki nyumbani. Yule aliyepewa timu ya mpira Lahore alikuwa amewatengenezea wengine kile alichokikosa.

Na sisi leo je? Intaneti imeondoa sehemu ya tatizo, maana makala nyingi za fizikia sasa zinapatikana bure siku ile ile zinapoandikwa, jambo ambalo Salam wa 1951, aliyengoja majarida yaje kwa meli, asingeliamini. Upweke wenyewe haujaondoka. Katika maabara yangu tunatengeneza filamu nyembamba za oksidi kwa ajili ya vioo vinavyochuja joto la jua. Kifaa kinachopima ni kiasi gani cha mwanga kinapita kwenye filamu hizo kina taa ndogo ya deuteri (hidrojeni nzito), ndogo kuliko kikombe cha chai, nayo iliungua mwezi wa pili mwaka jana. Taa mpya imechukua miezi kumi na moja kufika. Hakuna mtu aliyeiba fedha, hakuna aliyekataa kusaini. Ombi lilikwenda kitengo cha manunuzi, likarudishwa kwa sababu muuzaji wa taa ile ni mmoja tu duniani wakati fomu inataka bei za wauzaji watatu, mwaka wa fedha ukaisha, tukaanza upya. Katika miezi hiyo mwanafunzi wangu wa uzamivu alikuwa anasimamia vipindi vya maabara vya wanafunzi mia nne. Alipoacha masomo na kwenda kufanya kazi benki sikuwa na neno la kumzuia.

Serikali zetu zimeandika mambo mazuri. Umoja wa Afrika umehimiza mara nyingi, ikiwemo mwaka 2007 kule Addis Ababa, kila nchi itenge asilimia 1 ya pato lake kwa utafiti. Sheria ya sayansi ya Kenya ya mwaka 2013 ilikwenda mbali zaidi ikataja asilimia 2 kwa ajili ya mfuko wa taifa wa utafiti. Tanzania ina COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, tangu mwaka 1986. Hakuna nchi ya Afrika Mashariki iliyofika hata hiyo asilimia 1. Lakini swali langu kwenu leo halihusu asilimia. Hata fedha zikija zote kesho asubuhi, nani kati yetu ana mtu wa kubishana naye kuhusu kazi yake katika jengo analofanyia kazi?

Karibuni.

#2 Mzee wa Ubao

Ndugu Kipimajoto, shikamoo yangu ipokee kwa heshima ya kazi ingawa huenda mimi ndiye mkubwa kwa umri. Nimefundisha fizikia sekondari kwa miaka ishirini na tisa, nami naomba kuongezea kisa cha nyumbani, kwa sababu upweke unaousema huanza mapema kuliko chuo kikuu.

Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu Magamba, Lushoto, na wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu kwa kuchemsha maziwa, kuchanganya na sukari, kungoja yapoe, kisha kuyaweka kwenye friza. Siku hiyo nafasi ilikuwa inagombaniwa, naye akaona akingoja maziwa yapoe ataikosa, akayaingiza yakiwa ya moto. Yakaganda kabla ya maziwa ya mwenzake yaliyoingia baridi. Alipomuuliza mwalimu akaambiwa amechanganyikiwa. Alipofika Mkwawa, Iringa, akauliza tena, na mwalimu wa huko akasema kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, haihusiani na fizikia ya ulimwengu, na darasa zima likawa linamtania kwa maneno hayo kila alipokosea hesabu.

Kisha akaja mgeni, Denis Osborne, kutoka Chuo Kikuu kishiriki cha Dar es Salaam, kutoa mhadhara. Mpemba aliinua mkono akauliza swali lile lile, wenzake wakacheka. Osborne hakucheka. Alirudi Dar es Salaam akamwomba fundi wa maabara ajaribu, na fundi akaleta jibu ambalo mimi huwasomea wanafunzi wangu kila mwaka: kwamba maji ya moto yameganda kwanza kweli, ila wataendelea kurudia mpaka wapate jibu sahihi. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha makala kwa pamoja katika jarida la elimu ya fizikia la Uingereza, na jina la kijana wa Magamba likaingia vitabuni. Ubishi haujaisha hadi leo: mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walipima upya wakasema hawaoni ushahidi wa kutosha katika maji, na mwaka 2020 wengine wa Canada wakaonyesha tabia ya namna hiyo katika chembe ndogo sana walizozidhibiti kwa mwanga.

Ninachotaka kusema ni kwamba Mpemba alisubiri miaka kadhaa kumpata mtu mmoja wa kumsikiliza. Mpemba mwenyewe baadaye akasomea uhifadhi wa wanyamapori katika chuo cha Mweka.

#3 Jembe na Kalamu

Mleta uzi, nimekusoma kwa makini na naheshimu uchungu wako wa ile taa, lakini niruhusu nipingane nawe. Mimi ni bwana shamba. Katika kata ninayoihudumia wakulima hawajui mvua itaanza lini, mahindi yanaota sumukuvu ghalani, na ofisa ugani ni mmoja kwa vijiji saba. Ukiniambia nchi hii ina shilingi moja ya utafiti, mimi nitaipeleka kwenye mbegu na udongo kabla sijaipeleka kwa mtu anayetafuta chembe W na Z. Yule mjumbe wa mkokoteni alisema kwa dharau, hilo nakubali, lakini dharau haimfanyi mtu awe amekosea. Nchi zilizoendelea zilianza na viwanda, nadharia zikafuata.

#4 Kipimajoto

Mzee wa Ubao, marahaba kwa unyenyekevu, na nakushukuru kwa kisa cha fundi wa maabara, ambacho nilikuwa sikijui na kimenifaa sana. Mimi pia nimewahi kurudia vipimo mpaka vikubali.

Ndugu Jembe na Kalamu, hoja yako ni nzito na sitaipita kwa mbali. Kwanza, nadharia ndiyo sayansi ya bei nafuu kuliko zote: mtu anahitaji kalamu, kompyuta, maktaba na wenzake. Salam alilijua hilo, ndiyo maana alianzia hapo. Nchi isiyoweza kununua taa ya deuteri kwa mwaka mzima inaweza kabisa kumlipa mtu anayefikiri, mradi asiachwe peke yake.

Pili, Trieste haikubaki kwenye chembe. Kituo kiliingia katika fizikia ya mata, hisabati, leza, hata fizikia ya udongo unaoutaja wewe. Na huu wasiwasi wako wa mvua unakihusu moja kwa moja, kwa sababu programu ya kompyuta ya tabianchi ya kikanda iitwayo RegCM, ambayo watafiti wengi wa Afrika huitumia kuchunguza mienendo ya mvua zetu, inatunzwa pale pale Trieste na kutolewa bure, na watu wa kwetu hufundishwa kuiendesha. Anayeiendesha anapaswa kuelewa mnyunyuko, mionzi na mwendo wa hewa. Ukimnyima fizikia, utapata mtu anayebonyeza vitufe bila kujua ni wakati gani mashine inamdanganya.

Kuhusu viwanda kutangulia nadharia, mashine ya mvuke ilitangulia, nakupa hilo. Redio haikutangulia. Mwanafizikia Maxwell aliandika milinganyo yake ya sumakuumeme katika miaka ya 1860, mwenzake Hertz akayapata mawimbi ya redio miaka ya 1880, ndipo ikaja biashara.

Hata hivyo nakuachia jambo moja. Kama wahadhiri tukiandika makala ambazo zinasomwa na watu wanne na hazijibu swali la mtu yeyote, ili tu tupande daraja, basi bwana shamba ana haki ya kutudai ile shilingi.

#5 Mwana wa Pwani

Naomba niguse upande ambao mleta uzi ameupita haraka. Salam alikuwa Mwahmadiyya, na huku kwetu jina hilo si geni, kwani jumuiya hiyo ndiyo iliyotoa tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili mwaka 1953, ikazua majibizano makali na masheikh wa Pwani ambayo wazee wetu waliyakumbuka kwa muda mrefu. Sitaingia katika hukumu ya kidini, hapa si mahali pake. Naeleza yaliyompata mtu huyu.

Mwaka 1974 bunge la Pakistan lilibadili katiba na kuwatangaza Waahmadiyya kuwa si Waislamu. Salam, aliyekuwa mshauri mkuu wa sayansi wa serikali, alijiuzulu wadhifa huo. Miaka mitano baadaye alisimama Stockholm kupokea tuzo akiwa amevaa kilemba na mavazi ya kwao, na katika hotuba ya karamu akasoma aya za Surat al-Mulk zinazomtaka mtu aangalie tena uumbaji wa Mwingi wa Rehema kama ataona kasoro yoyote, mpaka jicho limrudie likiwa limechoka. Alifariki Oxford tarehe 21 Novemba 1996, akazikwa Rabwah katika Punjab. Jiwe la kaburi lake liliandikwa kwamba ni Mwislamu wa kwanza kupata Nobel, kwa kazi yake ya fizikia, kisha neno Mwislamu likafutwa, na maneno yaliyobaki hayaleti maana tena, kwa sababu wa kwanza kupata Nobel hakuwa yeye. Nimeiona picha ya jiwe hilo. Ufutaji wenyewe ulifanywa ovyo, unaona kabisa mahali neno lilipokuwa.

#6 Nyutrino

Wakuu, shikamooni. Mimi nasoma uzamili wa fizikia na nina maswali mawili kwa mleta uzi. La kwanza, Salam mwenyewe aliondoka mwaka 1954 na hakurudi kuishi nyumbani. Je, si unafiki kidogo kuwajengea wengine mpango wa kurudi wakati yeye hakurudi? La pili, nimeambiwa nina nafasi ya kwenda kwa wiki chache kwenye mafunzo nje ya nchi, na mwajiri wangu, shule ninayofundisha kwa muda, hajalipokea jambo hilo vizuri. Unanishauri nini?

#7 Kipimajoto

Marahaba, mwanangu.

Swali la kwanza limewahi kunisumbua. Hakurudi kuishi, ni kweli, na baada ya 1974 sijui angerudi kwa sura gani. Lakini alibaki na uraia wa Pakistan maisha yake yote, wakati Uingereza na Italia zingempokea kwa furaha, na fedha zake za tuzo alizitumia kusaidia wanafunzi wa nchi zinazoendelea. Mimi nalitazama hivi: mtu aliyelazimika kuchagua kati ya kwao na kazi yake, halafu akatumia miaka thelathini ya maisha yake kuhakikisha wengine hawachagui, amelipa deni kwa namna ambayo wengi waliorudi hatujalipa. Kwa gharama pia. Kuongoza kituo, kuomba fedha kila mwaka na kupanda ndege kila wiki kulimla muda wa fizikia, na aliyewahi kuongoza hata idara ndogo anajua hilo lina uchungu gani.

Jambo moja zaidi kuhusu muda wake, kwa kuwa umejiita Nyutrino. Mwaka 1956, akiwa kwenye ndege ya usiku kutoka Marekani kurudi London, Salam alipata wazo kwamba nyutrino, ile chembe nyepesi mno isiyo na chaji, inaweza kuwa inavunja ulinganifu wa kulia na kushoto. Wazo lilipomfikia Pauli, Pauli alituma salamu kwamba rafiki yake Salam afikirie kitu bora zaidi. Salam akasita kuchapisha. Majaribio yalipothibitisha kwamba ulinganifu ule huvunjika kweli, Pauli aliomba radhi kwa barua, lakini wanafizikia Lee na Yang, waliokuwa wamelitilia shaka suala hilo mapema, ndio waliopewa Nobel ya 1957. Kwa hiyo mwenzako wa kubishana naye anaweza pia kukupoteza, hata akiwa Pauli. Bado ni afadhali kuwa naye.

Kuhusu safari yako: nenda. Na ukirudi ukitaka kuendelea, huna haja ya kutazama Ulaya peke yake, kwa sababu tangu mwaka 2018 kuna taasisi mshirika wa Trieste mjini Kigali, ndani ya Chuo Kikuu cha Rwanda, inayotoa shahada za uzamili na uzamivu katika fizikia, na nauli ya basi kutoka kwetu inalipika. Ila kwa mwajiri, andika barua ya kuomba ruhusa mapema, taja tarehe ya kuondoka na ya kurudi, taja nani atashika vipindi vyako, upate nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa na uitunze. Salam alirudi kutoka Bombay hana karatasi kama hiyo.